Asiyejua Jina la Mamake

Voi, Jumamosi jioni.

Upepo umevuma tangu asubuhi na vumbi jekundu limeingia mpaka kwenye sukari. Naitaja hali ya hewa kwa sababu ya mazoea tu. Leo hata kungenyesha mawe nisingeyaona.

Tumeshinda! Naandika haraka. Nikikosea herufi, mnisamehe.

Kwa asiyenijua: mimi ni mwalimu mstaafu, mzaliwa wa kambi ya mkonge hapa Voi niliyerejea uzeeni, binti wa Wajaluo waliokuja kutafuta kazi wakasahau kurudi. Vitabu nimesoma vingi, na bado naona haya kidogo kukiri kwamba kinachonikosesha usingizi siku hizi ni filamu. Kila Jumamosi mchana nakaa kwenye kiti cha plastiki katika banda la video la Mwakio, nyuma ya soko, pamoja na vijana wanaoweza kuwa wajukuu wangu, baadhi yao wakiniita Shosh, yaani bibi, tukitazama tamthilia ya nchi isiyokuwapo, yenye ndege wanaosema na mlango mkubwa uliojengwa kwa chumvi.

Juma lililopita msichana anayeitwa Tamrisi alifika kwenye mlango huo akikimbia vita, mama yake akiwa amebaki nyuma. Mlinzi akamwambia utafunguka akitaja jina la mama yake.

Tamrisi akafungua kinywa.

Hakulijua. Maisha yake yote amemsikia mama akiitwa Binti wa Ng'ambo, na baba, na majirani, na hata mbuzi kama mbuzi wangeweza kusema. Sehemu ikaishia hapo, yule msichana amesimama kinywa wazi.

Banda likalipuka. Ati upuuzi. Ati mwandishi ametuona wajinga. Kelele ziliendelea kwenye simu zetu juma zima, hadi Mwakio akachoka. Akatangaza kwamba leo tutajadili kisha tupige kura. Wengi wakisema hadithi haiaminiki, anaitoa na Jumamosi mchana inakuwa ya mpira wa Uingereza. Zimebaki sehemu tatu tu! Nilifika mapema kama mtu mwenye kesi mahakamani.

Upande wa pili uliongozwa na Wakesho, msichana wa kijiji cha Mraru anayesomea uuguzi. Ana ulimi mkali na nampenda kwa hilo.

"Mtu mzima wa miaka ishirini," akasema, "hajui jina la mamake? Hata mtoto wa nasari analijua! Huyo Tamrisi alikuwa anaishi wapi, ndani ya gunia?"

Wakacheka. Niliinua mkono.

"Mwakio, yule mama anayekupikia chai hapo nje kila siku anaitwa nani?"

"Mama Kevo."

"Jina lake, nauliza."

Mwakio akakuna kichwa. "Si ndio hilo, Shosh? Mama Kevo!"

Vicheko vikahamia upande wetu. Lakini Wakesho hakubabaika hata kidogo.

"Mama Kevo si mamake Mwakio! Hiyo si sawa, Mwalimu. Tuonyeshe mtu mmoja, mtu wa kweli, aliyekua na mamake nyumba moja asijue jina lake. Mmoja tu, na mimi ninyamaze."

Wenzangu wa upande wa Tamrisi walianza kuangalia viatu vyao. Kijana mmoja alikuwa tayari anamuuliza Mwakio mechi inaanza saa ngapi.

Nikasimama. Sikuwa nimepanga.

"Mnamwona hapa," nikasema.

Nikawaeleza jinsi ilivyokuwa. Mjaluo humwita mwanamke aliyeolewa kwa jina la kwao: nyar, yaani binti wa, kisha mahali alikozaliwa. Ni heshima. Mama alizaliwa Uyoma, kando ya ziwa, hivyo baba alimwita Nyar Uyoma. Kambi nzima ikafuata. Wadawida, Wakamba na Wataveta walilitamka kama neno moja, Nyaruyoma, na mnyapara alimwita hivyo hivyo pale mama alipokuwa akianika singa za mkonge. Mimi nilizungumza Kiswahili na Kidawida. Kijaluo changu kilitosha kuomba maji na chumvi. Uyoma sikuijua kama mahali, wala hakuna aliyeniambia ni mahali. Nilidhani ni mama.

"Na kitambulisho?" Wakesho akauliza.

"Enzi hizo kitambulisho kilikuwa cha wanaume, mwanangu."

"Na shuleni?"

"Waliandika jina la baba."

"Na wewe hukuwahi kumuuliza?"

"Ningeulizaje? Nilikuwa na jibu tayari. Wewe umewahi kumuuliza mamako kama ana jina lingine?"

Nikaendelea, maana nilikuwa nimeshafika mahali ambapo siwezi kugeuka.

Mama alifariki nikiwa binti wa miaka kumi na tisa. Hatukuwa na uwezo wa kumpeleka ziwani, tukamzika hapa hapa. Dada yake alikuja kwa treni. Alianza kulia akishuka stesheni na hakuacha njia nzima hadi makaburini. Alikuwa akiita, "Awino! Awino!" Nilimwonea huruma. Nilidhani amefiwa na mtu mwingine huko alikotoka, na msiba wetu umemkumbusha wake. Nikamgusa mama jirani nikamuuliza, huyu anamlilia nani?

"Mama yako," akasema.

Feni ya Mwakio ilikuwa inalia kwi, kwi, kwi. Sikujua kama nimeshinda au nimeharibu Jumamosi ya watu. Ndipo nikawaambia mwisho wake, kwa sababu sikutaka wabaki na uso wa matanga: miaka michache baadaye niliolewa nikapelekwa ziwani, na siku ya kwanza mama mkwe akanipokea kwa mikono miwili akiniita Nyar Voi. Mimi! Ambaye Voi nzima iliniita mtoto wa watu wa bara!

Wakacheka, nami nikacheka, na Wakesho akafuta macho kwa ncha ya leso akijifanya ni vumbi.

"Mwalimu, wewe nimekuamini," akasema. "Lakini yule mwandishi bado ana kesi na mimi. Angetuonyesha hivyo tangu mwanzo!"

Kisha akainua mkono kwa upande wetu. Wa kwanza kabisa. Mikono ikafuatana kama miti ya uzio, na Mwakio akatangaza kwamba wa mpira watafute banda lingine. Nilipiga vigelegele. Katika umri huu.

Nikiwa njiani kurudi nyumbani ndipo nilipogundua jambo. Nimelibeba jina lile zaidi ya nusu karne na sikuwahi kulitamka mbele ya watu. Baba hakulitaja hadi alipomfuata kaburini. Wanangu hawalijui, hawakuwahi kuuliza, na sasa naelewa ni kwa nini. Leo limesikika katika banda zima la vijana wanaokula njugu, na wakati wa kuagana Wakesho alinishika mkono akalirudia polepole, kama mtu anayejifunza njia.

Awino.

Nitawapigia wanangu simu kesho baada ya kanisa.

Na wewe Tamrisi, uliyesimama mbele ya mlango wa chumvi: mama yako bado yu hai, upande ule ulikotoka. Mimi sikuuliza kwa sababu sikujua kuna la kuuliza. Wewe sasa unajua. Je, utarudi umuulize?