Swali la Saba

Dublin, 12 Novemba

Kaka Donncha,

Viatu ulivyonitumia kutoka Toronto vimefika. Vinanibana kidogo, lakini nitavivaa hivyohivyo.

Mimi mzima, ila macho yamechoka. Tangu Mei nasoma maoni ya wananchi kuhusu sera mpya ya nishati ya taifa. Fomu elfu sita! Nazigawa mafungu: wanaotaka upepo, wasiotaka upepo, na wanaotutukana tu.

Jana nilishika moja iliyojazwa kwa mkono. Majina hufichwa, lakini mwandiko ule nitaukosaje? Ndio uliotuombea ruhusa shuleni kila tulipougua.

Swali la saba linauliza nyumba yako unaipasha joto kwa kutumia nini. Baba kajibu: "Udongo wa kinamasi, ule unaowaka kama kuni, niliokuwa nikijikatia na kuukausha mwenyewe. Sasa mgongo umegoma. Uliobaki nauwasha siku watoto wangu wakija."

Nikamwonyesha bosi wangu jibu hilo, bila kumwambia ni la nani. Akapiga miayo. "Hilo si jibu, dada. Litupie kwenye 'Mengineyo', twende."

Nikalitupia.

Donncha, kila nikienda nyumbani nakuta moto unawaka. Nilidhani ndivyo anavyoishi. Na tangu Pasaka sijaenda, kwa sababu ya hizi fomu.

Jioni nikampigia simu. "Baba, huko kuna joto?"

"Kama tanuri, mwanangu!" Kisha akauliza: "Kwani mnakuja?"

Dada yako,
Gobnait