Kichaka cha Baba Yako

Lewisham, Jumapili

Mani, Bin Kichaka wee,

Nakuandikia kwa sababu huna kaburi. Ungezikwa, ningekuja Ijumaa nikakaa kando yako, nikakutukana kidogo, nikarudi zangu. Lakini wewe ulitaka moto, na binti yako Shanti kalipeleka jivu Bara Hindi akalimwaga mtoni. Basi mie nimebaki na kalamu, na unajua kalamu na mie hatujapatana tangu chuoni.

Huku ni baridi ile ile. Kiti chako Shanti kakitoa, hakuweza kukitazama. Yule mwenye duka wa Rayners Lane, pale karibu na kwako, bado ananiuliza kama umepona. Namwambia unaendelea vizuri. Ulimi unakataa kusema jingine.

Sasa habari yenyewe. Filamu ya baba yako imepatikana.

Tulia, nakueleza. Si yote, ni kipande tu, kilikuwa kimelala ghalani kwa mtu huko Madras. Kimeletwa London, kikaonyeshwa kwenye ukumbi mmoja Tottenham. Shanti akanipigia simu kwa Kiingereza chake, nikamjibu kwa Kiswahili changu, tukaelewana kama siku zote.

Nilikwenda na shari yangu, sikufichi. Tangu tuko Unguja, kabla Mapinduzi hayajatutawanya, ukitwambia baba yako, kabla hajaja kwetu kutengeneza saa, alipiga kinanda, kile cha kuvukuta kwa mkono, kwenye filamu za mwanzo mwanzo za Kitamil. Zama hizo, ukisema, picha na sauti vikinaswa pamoja, uwanjani, juani. Basi mwimbaji akiimba mbele, wapigaji wanafichwa. Baba yako akiingizwa kichakani na kinanda chake, na mtu mwingine kazi yake kufukuza kunguru wasije wakaitikia. Nikakuuliza, huyo baba anaonekana wapi? Ukasema, "Yumo, ila humwoni."

Nilicheka mpaka nikakaa chini. Nikasema basi hata babangu yumo kwenye filamu za Misri, kakaa nyuma ya piramidi. Toka siku ile ukawa Bin Kichaka. Hata hospitali, nesi alipokuuliza jina, mie ndiye niliyemjibu hilo. Ukacheka, ukakohoa, ukanishika mkono. "Ikipatikana, kaitazame wewe. Wewe ndiye uliyekataa."

Haya, nimeitazama. Malkia kasimama bustanini, kanona, kajipamba, anaimba wimbo usiokwisha. Upepo hakuna. Mtandio wake hautikisiki, wala jani mtini. Ukumbi mzima unamkodolea macho yeye. Mie natazama vichaka. Viko vitatu. Viwili vimetulia kama vimechorwa. Kile cha kushoto, Mani, kinatetemeka. Kinanda kikienda mbio, nacho mbio. Kinanda kikilegea, nacho kinalegea. Malkia akivuta pumzi, kichaka kinamngoja.

Nikamgusa Shanti, nikamwonyesha kwa kidole. Akatazama, akatazama. Mtoto yule, ambaye tangu azaliwe hajanijibu neno la Kiswahili, akaninong'oneza, "Babu yumo."

Wimbo ukaisha, kichaka kikatulia, taa zikawaka. Watu wakatoka wakimsifu malkia. Mie nimekaa pale pale, mzee mzima, nalilia majani.

Nilitaka kukugeukia, ujue. Niliwacha kiti kitupu upande wangu wa kulia, nikakiwekea koti watu wasikae. Nikageuka nikaliona koti.

Wamesema watakionyesha tena. Mjukuu wako nitampeleka mwenyewe, nimkalishe kushoto, nimkataze kumtazama malkia. Akiuliza babu wa mama yake yuko wapi, nitamjibu kama ulivyonijibu, na akicheka nitamwacha acheke. Aone mwenyewe.

Na mwenye duka, kesho nitamwambia kweli. Nitajaribu. Nikishindwa, nitamwambia upo, ila huonekani.

Kwaheri, Bin Kichaka. Jina silifuti. Ila sasa nikilitaja, navua kofia kwanza.

Mie wako,
Haji