Nilimpiga Picha Binti Yangu Akiwa Amelala

Bi Noreen,

Nimekusoma gazetini kila Jumamosi tangu tulipohamia huku Yeppoon na sikudhani hata siku moja kwamba nitakaa nikuandikie, lakini nimeshazungumza na dada yangu, nimezungumza na mume wangu Darryl, kila mmoja ana lake, na mimi bado sijui la kufanya, kwa hiyo naomba unisikilize mpaka mwisho ndipo unihukumu.

Nina binti mmoja, Tegan, ana miaka ishirini na mbili, anafanya kazi kwenye mkahawa unaotazamana na ufuo. Tangu wako shule, yeye na wenzake walikuwa na mchezo wa kujianika juani. Wanaangalia kwenye simu ni saa ngapi jua litafika ukali wake wa mwisho, saa ambayo sisi tunaambiwa tuingie ndani, wao ndiyo wanatandika taulo, halafu jioni wanaposti ile mistari inayoachwa na kamba za nguo ya kuogelea waone ya nani imekolea zaidi. Nilisema mpaka nikachoka. Nikimpa kofia ananijibu, "Mama, mimi siungui, mimi nakolea."

Mwaka jana, karibu na Krismasi, msusi wake aliona doa nyuma ya shingo yake akamwambia aende akamwone daktari, akaenda huku anacheka, majibu yaliporudi ni melanoma, ile saratani ya ngozi ambayo haimsubiri mtu. Wakamfanyia upasuaji Brisbane, wakakata kutoka nyuma ya sikio hadi begani na matezi wakatoa, na namshukuru Mungu ilikuwa haijasambaa. Kesho yake nilikuwa nimekaa pembeni ya kitanda, muuguzi amefungua bandeji ili jeraha likaguliwe, Tegan amelala kwa dawa, mdomo wazi, shingo imeshonwa kama kiatu, na simu yake pale mezani inalia kila mara. Nikatazama. Ni wenzake wale wale, wanatumiana picha wako ufukweni wamejianika. Bi Noreen, nilishikwa na hasira ambayo sijawahi kuwa nayo maishani. Nikatoa simu yangu nikampiga picha, nikaiweka Fesibuku na maneno haya: "Hii ndiyo rangi nzuri mnayoitafuta." Nikapanga isimfikie yeye, maana nilitaka kumwambia mwenyewe akishapata nguvu.

Nilidhani wataiona rafiki zangu tu, kumbe ilizunguka nchi nzima. Mwalimu mmoja wa Tasmania akaniandikia kwamba ameionyesha darasani. Mama mmoja wa Bundaberg akaniandikia kwamba binti yake aliiona akaogopa akaenda kukaguliwa, wakamkuta na doa lililokuwa bado changa, wakalitoa, na yuko salama. Niliisoma ile nikalia. Wengine waliandika kwamba amejitakia, na wengine walicheka jinsi mdomo wake ulivyokuwa wazi.

Wenzake Tegan walidhani yeye mwenyewe ndiye aliyekubali, kwa hiyo hakuna aliyemwambia kitu. Alijua wiki aliyorudi kazini, mteja alipomtazama akamuuliza kama si yeye yule msichana wa saratani. Akaja nyumbani. Hakupiga kelele, ingekuwa afadhali angepiga. Aliniambia tu, "Mama, nilikuwa nimelala." Akakusanya nguo zake akahamia kwa rafiki yake Jacinta, na tangu siku hiyo hapokei simu yangu.

Sasa kuna watu wa kampeni ya afya wanaitaka ile picha waitumie mitandaoni kiangazi hiki ili kuwazuia wasichana kujianika, wanachosubiri ni ridhaa ya Tegan, na wameniomba mimi ndiye niongee naye. Darryl anasema niifute. Dada yangu anasema mtoto wa watu ameokoka, nitaifutaje? Na mimi najiuliza, nikiifuta, na kuna binti ambaye angeiona kesho, si nitakuwa nimemuua?

Nishauri, dada.

Lorelle, Yeppoon


Lorelle dada yangu,

Ifute. Weka barua hii chini, kaifute, halafu urudi tuendelee.

Umerudi? Vizuri. Najua uliyoyaona pale kitandani. Mama aliyetoka kusubiri mtoto wake afe au apone, halafu akaona wenzake wanashangilia kitu kile kile kilichomlaza pale, mama huyo siwezi kumwambia asikasirike. Hasira yako naielewa. Lakini umeniandikia kwa mkono wako kwamba ulipanga picha isimfikie Tegan. Kwa hiyo ulijua. Mtu hafichi jambo analoamini ni la haki, na usijidanganye kwamba ulikuwa unamsubiri apate nguvu.

Yule binti wa Bundaberg, furahi kwa ajili yake, una haki hiyo. Lakini usimfanye ngao ya kujikinga na mwanao. Wala hutakuwa umemuua mtu. Picha za makovu zimejaa mitandaoni, zimewekwa na wenyewe kwa hiari yao, na anayehitaji kuogopa ataziona. Tena nikwambie ukweli, wasichana wale hawaachi jua kwa sababu mama wa mtu amewatisha. Wangekuwa wanasikia kina mama, Tegan angevaa kofia. Wanaacha wanaposikia kwa mwenzao. Siku Tegan akitaka kusema, atasema, na watamsikiliza. Asipotaka kusema maisha yake yote, basi hilo ndilo jibu lake na hulikatii rufaa.

Watu wa kampeni uwajibu wewe leo hii, uwaambie haiwezekani. Usimpelekee Tegan swali lao, umeshambebesha ya kutosha. Kisha mwandikie mwanao, maneno machache, umwombe radhi. Ukijikuta umeandika "lakini", chana uanze upya. Usimuulize atarudi lini.

Na jambo la mwisho. Katika barua yako kila mtu ameenda kwa daktari, mpaka watoto wa Bundaberg. Wewe je? Ngozi ile Tegan kaipata kwako. Nenda ukakaguliwe, toka utosini hadi nyayoni, kabla hujamwonya mtu mwingine.

Noreen


Wasomaji wangu, jibu hili nilimtumia Lorelle peke yake. Nilimwambia sichapi neno mpaka Tegan mwenyewe aruhusu. Ruhusa imekuja, pamoja na barua hii.


Bi Noreen,

Niliifuta siku ile ile, na watu wa kampeni nikawakatalia. Nikaandika mistari mitatu, baada ya kuchana mingine mingi, nikaiacha kwa Jacinta. Tegan hakujibu.

Nikaenda kukaguliwa. Daktari alinigeuza mbele na nyuma, akaona kitu kwenye muundi wa mguu akasema kitolewe, si melanoma, ni aina ile nyepesi. Nikamtumia Tegan ujumbe ajue tu kimeonekana nini na kitatolewa lini, sikumwomba lolote.

Siku ya kukatwa nilimkuta kliniki, amekaa upande wa pili wa chumba cha kusubiria. Nilipomaliza kushonwa, kabla hawajaufunga mguu, akaingia akautazama, akauliza kama unauma. Nikamwambia kidogo. Kisha akatoa simu.

"Mama, nikupige picha?"

Nikamwambia piga tu.

"Na nikitaka kuiposti kwangu, wenzangu waione?"

Nikamwambia posti. Hakuipiga. Akaniambia, "Usijibu haraka. Watakuona watu usiowajua, na watasema watakachosema. Fikiria kwanza."

Nikafikiria. Nikawakumbuka wale waliocheka mdomo wake. Nikamwambia apige mguu tu, sura yangu isionekane.

"Sawa," akasema. Akainamisha simu, akapiga mguu peke yake, akanionyesha kabla hajaituma.

Lorelle