Mikono Iliyobaki Juu

Mbarara

Mama yangu mpendwa,

Nakusalimu wewe na wote mlio hapo Uvira. Mguu wako unaendeleaje, au bado unabishana na dawa? Mimi ni mzima wa mwili, ila roho haijatulia tangu juzi, na sababu ni mdogo wako, Mama Mdogo Neema.

Unajua mwanawe Josué, aliyetangulia Kanada, anasema aliomba mama yake amfuate. Mama Mdogo hamwamini tena. Kila siku ya kusomwa majina ya wanaoitwa kusafiri anatoka nyumbani kwake Nakivale, anaketi katika ukumbi wa Juru, na hajawahi kusikia lake. Asiyeitika huandikwa kuwa hakuja, na faili yake huwekwa kando. Watu walilalamika kwamba ukumbi ule unameza majina, ndipo ofisi ya wakimbizi ikamwita bosi wangu, Fundi Mugisha wa mitambo ya sauti, aje aupime kama unasikika. Ukumbi ukionekana mzuri, malalamiko yanafungwa, na safari ya Mama Mdogo inafungwa nayo.

Tulifika asubuhi, watu wakaingizwa, maana ukumbi mtupu haulii sawa na uliojaa. Niligonganisha mbao mbili, kompyuta ya Fundi ikachora mlio ule. Ulizunguka chini ya mabati ukakataa kufa. Fundi akatikisa kichwa, akasema mwangwi kama huo humeza maneno. Lakini bwana wa ofisi akasema kompyuta haijui Kiswahili, waulizwe watu wenyewe. Basi nikasoma maneno kwenye kipaza sauti, kila neno anayelisikia anyooshe mkono.

Mama, walinyoosha wote, mpaka wa ukutani nyuma. Ndivyo tulivyo sisi wakimbizi. Mwenye kushika faili zetu akiuliza kama mambo ni sawa, tunajibu ni sawa, maana nani anataka kuonekana msumbufu? Wa nyuma walikuwa wanawatazama wa mbele na kuwaiga. Mama Mdogo naye, nyuma kabisa, kanyoosha wake huku anatabasamu. Nilikasirika. Bwana alikuwa tayari anafunga begi lake.

Sikumwomba mtu ruhusa, na kazi ningeweza kuipoteza palepale. Mikono ikiwa bado juu, nikasema kwa sauti ileile, "Mwenye ananisikia, ashushe mukono."

Mikono ya mbele ikashuka. Wa nyuma wakadhani ni neno jingine, yao ikabaki juu, na Mama Mdogo akauinua wake zaidi ili nimwone.

Bwana aliitazama ile mikono, akafungua begi tena. Akasema wote waliowekwa kando wataitwa upya Jumatatu, nje uwanjani. Nilimwomba aangalie jina la Mama Mdogo. Lilikuwa limeshasomwa humo ndani, tena zaidi ya mara moja. Kama watalisoma kweli Jumatatu sijui, na usingizi sipati.

Nisalimie shangazi anayeuza samaki wa ndagala sokoni, na shemeji wa baiskeli, umwambie apunguze mwendo. Mbusu bibi.

Mama Mdogo naye ana salamu zake. Nilipomweleza kuwa aliitwa, nilitegemea anigombeze kwa kumwaibisha mbele za watu. Alikaa chini, palepale sakafuni, akanishika mkono.

"Andikia dada," akasema. "Mwambie mutoto wangu hakunisahau."

Mwanao akupendaye,
Bahati