Sivuki Nne

Mukendo, Musoma
9 Novemba

Kaka yangu Makongoro,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, wewe na wifi Rhobi, na ng'ombe wanashiba, maana nasikia huko Mugeta mvua zimeanza vizuri. Huku sisi hatujambo. Sare za shule zimenijaa hadi kitandani, cherehani haipoi, na mimi mdogo wako bado mnene na bado nina mdomo, kwa hiyo ondoa wasiwasi. Nimeandika kwa sababu unaijua simu na wewe: nikisema nashona, unaniuliza napona nini, kisha anaitwa wifi kutafsiri. Haya ya leo sitaki yapite kwa mtafsiri.

Kwanza presha. Mwezi wa tisa ilipanda mpaka nesi Esta akanipima mara mbili, hakuamini macho yake. Akanipa vidonge, akasema vidonge peke yake havitoshi, nijifunze na meditesheni. Nikamwambia mimi ni Mkatoliki. Akasema hata Wakatoliki wanapumua. Kazi yenyewe ukiisikia utaona ni ya watoto: unakaa wima, miguu chini, mikono mapajani, unafumba macho na kuhesabu pumzi zako, moja hadi kumi. Mawazo yakikuchukua hugombani nayo, unarudi moja. Dakika tano tu kila asubuhi. Nikasema hii nitaiweza, mimi ninayeshona marinda ishirini huku napiga soga na watu watatu.

Siku ya kwanza nililala, nikaamshwa na mkoromo wangu mwenyewe. Siku ya pili mguu ukafa ganzi. Siku ya tatu akapita mtu anatangaza sumu ya panya kwa kipaza sauti, nikajikuta nahesabu panya. Lakini unanijua, nikishika nimeshika. Baada ya wiki mbili nilikuwa nakaa kama nguzo ya zizi, na hata presha ikaanza kushuka.

Hapo ndipo nikamkosea Jenoveva, jirani yangu anayeuza maandazi. Kila asubuhi hupita mlangoni kunisalimia, na mimi nimefumba macho, niko mbili au tatu, simjibu. Kwetu unajua mtu asiyeitikia salamu anamaanisha nini. Alivumilia wiki mbili, kisha akaja na akina mama wawili wa jumuiya kutupatanisha, kwa ugomvi ambao mimi sikuwa na habari nao. Alikuwa analia. Akasema, "Matrida, nimekukosea nini mimi? Si tulikuwaga tunakula sahani moja?" Nikamweleza, nikamkalisha kwenye kigoda naye ahesabu. Kaka, akafika kumi! Siku yake ya kwanza, mikono ina unga. Mimi nilikuwa na mwezi mzima na sijawahi kuvuka nne.

Nilipomwambia hivyo hakunicheka. Alisema tu, "Basi hapo kwenye nne panakuwaga na kitu kimekaa." Akaenda zake kuuza maandazi.

Kimekaa kweli. Nilikijua tangu mwanzo, nikasingizia panya. Nikifika nne naliona lango la zizi letu.

Unaikumbuka ile jioni ya kumbikumbi. Mimi nilikuwa na miaka tisa, wewe kumi na miwili. Mvua ilipokatika kumbikumbi walitoka nyuma ya zizi, nikakatiza ndani ya zizi na kopo langu. Ulikuwa umeshafunga, kaka. Ulikuwa umekaza kamba mara mbili kama baba alivyotaka. Aliyefungua ni mimi, na niliporudi na kopo limejaa sikukumbuka kufunga. Asubuhi fisi walikuwa wametuachia kwato na mkia wa yule mtamba mwekundu. Baba alipokuzaba lile kofi uliapa kwamba umefunga. Mimi nilikuwa nimesimama pale pale, mabawa ya kumbikumbi bado yako kwenye nywele zangu, nikanyamaza. Tangu siku hiyo sikio lako la kushoto halisikii.

Ningeweza kuendelea kunyamaza, maana nimezoea. Lakini mwaka juzi tulipomzika baba, ulisimama mbele ya ukoo ukamwomba radhi kaburini kwa uzembe wako wa utotoni. Ulikuwa umeshaamini kwamba ulisahau. Na mimi nikaitikia amina pamoja na wengine. Naona aibu, kaka. Hiyo amina ndiyo inanirudisha moja kila asubuhi.

Nisamehe ukiweza. Usipoweza nitaelewa, ila nakuja hata hivyo. Jumapili ijayo baada ya misa ya kwanza napanda gari la Bunda, jioni niko kwako. Waite wale wale waliokusikia siku ya mazishi, nami nitasimama kaburini niseme nani alifungua. Kabla yao lakini nitakaa na wewe, upande wako wa kulia, nikwambie kwa mdomo wangu usikie vizuri: ulifunga.

Msalimie sana wifi. Nguo yake ya Krismasi iko tayari, naja nayo. Mwambie asinichinjie kuku mpaka wewe useme.

Ni mimi mdogo wako, niliyefungua lango,

Matrida