Milimita Themanini na Nane

Chanji, Sumbawanga
14 Oktoba 1994

Kwa kaka yangu Wilibrodi,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima hapo Mwazye, wewe na watoto. Mimi sijambo, ila vumbi la Chanji mwezi huu tunalila kama chumvi. Mashamba mmeshaanza kuyatayarisha?

Jirani yenu Fransisko alifika juzi na habari zenu. Alisema Mama sasa hawezi hata kushika kikombe, vidole vimepinda, asubuhi anabebwa kutolewa nje. Akasema pia umemrudisha mkeo Lydia kwao, eti anamnyima Mama dawa, kwa kuwa alimpa kidonge kimoja badala ya vinne alivyokuwa akipewa wodini. Lydia alikuambia daktari ndiye aliyeandika kimoja, ukamwita mwongo, na cheti cha hospitali hukutaka hata kukiangalia. Kaka, wewe na hasira zako!

Nikueleze kazi yangu ya maabara. Damu ya mgonjwa wa viungo tunaiweka kwenye kijibomba kirefu cha kioo, tunakisimamisha saa nzima, kisha tunasoma imeshuka milimita ngapi. Ikishuka sana, ugonjwa bado unawaka.

Mwezi wa sita Mama alilia kila siku wodini kwamba ulezi unavunwa yeye hayupo. Daktari alisema hamruhusu mpaka damu itulie. Mama akajua kipimo kinapita mikononi mwangu, akaniomba nimsaidie.

Kaka, ilishuka themanini na nane. Mimi niliandika kumi na nane. Daktari akaamini, akapunguza vidonge, akamruhusu. Lydia alitoa kile kile kilichoandikwa. Vidole vya Mama nimevipinda mimi.

Daktari nimeshamwambia, na kazini nimesimamishwa. Anataka Mama aletwe haraka, ingawa vidole vilivyokwisha kupinda havitanyooka tena. Naona aibu hata kupita njia ya hospitali.

Lakini linaloniuma zaidi ni kwamba Mama alijua yote. Fransisko anasema siku Lydia anafunga mizigo, watoto wamemng'ang'ania nguo, Mama alikuwa amekaa mlangoni, akamtazama mpaka akaondoka, hakusema neno.

Mfuate Lydia leo, umsomee barua hii mbele ya wazazi wake, kisha umlete Mama. Wabusu watoto kwa niaba yangu. Mama sijui nimsalimie vipi. Mwambie tu kwamba nimesema.

Ni mimi mdogo wako,
Albina