Minazi Mitatu Njiani

Jumapili, Juni 1970. Mvua imekatika, jua la kuchomachoma.

Nimerudi sasa hivi kutoka msitu wa Masingini, matope yamenifika magotini. Chupa ya maji ipo mezani mbele yangu. Imechelewa wiki tatu.

Shangazi yangu Bi Mgeni, aliyenilea tangu mama alipofariki, alizaliwa karibu na bonde la kule. Kuna jabali ambalo maji huporomoka juu yake wakati wa masika. Miguu ilipomlemea mwezi uliopita, aliniomba kitu kimoja tu: nimkingie maji yale yakiwa bado yanaanguka, hayajagusa ardhi, kama mama yake alivyokuwa akimkingia. Akanifungia ubani kwenye kitambaa niuache juu ya jabali; nikautia mfuko wa shati.

"Piga hodi kwanza," akaniambia. "Usiingie kama mwizi."

Nilikwenda siku ya pili baada ya dhoruba kubwa iliyopiga usiku kucha. Nilikuwa nimeshasimama saa mbili kwenye foleni ya mchele, na baiskeli ikanigomea njiani, mimi fundi baiskeli mzima. Nikaiacha kwa watu, nikapanda kwa miguu. Mara nikakuta minazi mitatu imelala njiani, mmoja juu ya mwenziwe, makuti yameziba kila upenyo. Nilijaribu kupita, mfuko wa shati ukachanika. Nikatukana, nikageuka.

Chupa niliijaza kwenye bomba la msikiti, barabarani.

Shangazi aliipokea kwa mikono miwili. Akanawa uso, akajipaka magotini, akaniombea dua ndefu. Nami nimesimama pale naitikia amina. Sijui uso niliuweka wapi.

"Njia ilikuwaje, mwanangu?"

"Mbaya, shangazi. Minazi imeanguka, lakini nshafika."

"Pole, baba. Lete hilo shati nikushonee."

Nikampa. Mjinga mimi.

Asubuhi yake nililikuta shati limekunjwa juu ya kiti, mfuko umeshonwa vizuri, na ubani umo ndani pamoja na kitambaa chake. Nikajiambia nitakwenda tena Jumapili, halafu Jumapili nyingine. Ijumaa ya wiki iliyopita tumemzika.

Leo nimekwenda. Minazi ile bado iko palepale. Nimevua viatu, nimepanda juu ya magogo, nimetambaa chini ya makuti. Nilijitayarisha kukuta mingine mbele, lakini haikuwapo. Kuanzia pale njia nyeupe mpaka kwenye jabali, hata robo saa sikutembea.

Nimepiga hodi. Nimeuweka ubani. Nimekinga maji yakiwa hewani, na nimelia kwa sauti, maana hakukuwa na mtu.

Kesho, kabla sijafungua kibanda changu Mlandege, nitapita makaburini niyamwage maji haya juu ya kaburi lake. Nitamwambia mwenyewe kwa mdomo wangu: shangazi, ilikuwa minazi mitatu tu.